Karatasi ya Zamu Hufika Hadi Nyumbani

Kazi yangu ni kupanga uzalishaji katika kiwanda cha sabuni hapa Dar es Salaam, upande wa Barabara ya Nyerere ambayo wengi bado tunaiita Pugu Road. Kila baada ya muda natoa karatasi inayosema mashine ipi itatengeneza sabuni ipi, siku gani, na kwa watu wangapi. Wakubwa huisoma kwa tani na katoni. Mimi nimeisoma kutoka pande mbili, kwa kuwa kabla ya kukaa ofisini nilikuwa kibarua wa kufungasha, na ninachotaka kusema ni kimoja: karatasi ile ndiyo inayoamua nani atapata usingizi, nani ataingia kwenye mkopo wa kausha damu, na mtoto wa nani atalala kwa jirani. Tukizungumzia ustawi wa wafanyakazi tunakimbilia semina, fulana za Mei Mosi, mchele na mafuta ya sikukuu. Ni mambo mazuri, hata mimi nayapokea kwa shukrani. Lakini ustawi mwingi unajengwa au unabomolewa mapema zaidi, pale kazi inapopangwa.

Naanza getini, maana huko ndiko nilikojifunza.

Kibarua anaondoka nyumbani saa 10 au saa 11 alfajiri, kutoka Gongo la Mboto, Kitunda, Buza, Vingunguti, wengine Mbagala ambako lazima waunganishe daladala. Wanaokaa karibu hutembea ili nauli ibaki. Mkifika mnasimama kwenye vumbi pembeni ya malori, mnamsubiri msimamizi. Anatoka na daftari, anatazama kundi, anaanza kunyoosha kidole: "Wewe. Wewe. Wewe mama wa kitenge cha njano. Na wewe kijana." Idadi yake ikitimia, anageuka. Wasioitwa hawaondoki palepale. Wanakaa mpaka saa 3, saa 4, pengine mashine iliyoharibika itawaka, pengine aliyeitwa ataumwa. Muda huo haulipwi, na nauli ya kurudi inatakiwa vilevile.

Wengi hudhani kinachomwumiza kibarua kuliko vyote ni udogo wa malipo. Malipo ni madogo kweli, wala sitaki kulipunguzia uzito jambo hilo. Ila kilichotuchosha akili ni kutojua. Ukijua kwamba wiki hii una siku tatu za kazi, unajipanga: unapima unga, unatafuta nyumba ya kufulia nguo siku zilizobaki, unatengeneza ubuyu wa kuuza. Usipojua, huwezi hata kukubali kazi nyingine, kwa sababu ukikosekana getini siku wanayohitaji watu wengi, msimamizi anakusahau. Na matumizi ya nyumbani hayasubiri mtu. Kodi ya chumba, luku, hela ya mtoto ya kula shuleni, hisa za kikoba kila wiki, vyote vinadai kiasi kilekile kwa siku ileile. Kinachoingia kinarukaruka, kinachotoka kimetulia, na pengo la katikati huzibwa na kausha damu, mikopo ya kuchukua leo na kuanza kurejesha kesho kwa riba inayomaliza mtaji. Nimewaona wanawake wazima wakijificha chooni wakati wa mapumziko kwa sababu mtu wa marejesho amewafuata mpaka kazini.

Hata mama lishe wa nje ya geti alikuwa ndani ya ratiba yetu ingawa hakuwa mwajiriwa wa mtu. Alfajiri alichungulia ukubwa wa kundi ili akisie akande unga wa chapati kiasi gani. Wakiitwa watu wachache, chapati zilibaki. Ile ilikuwa hasara ya kiwanda ambayo haikuandikwa kwenye kitabu chochote cha kiwanda.

Tulipouliza tuliambiwa kazi hakuna, na kwa siku ile ilikuwa kweli. Wiki mbili tatu baadaye kazi ilikuwepo mpaka ya kumwaga. Kuanzia kama tarehe 20 msimamizi hakuchagua tena, aliingiza kila aliyekuja. Aliyeingia saa 1 asubuhi aliombwa saa 9 alasiri aunganishe na zamu ya mchana, na saa 5 usiku aliulizwa kama anaweza kuendelea. Ukikataa, mwezi unaofuata utajikuta miongoni mwa wasioonekana getini. Basi tuliendelea. Miguu ilivimba hadi viatu vikakataa. Aliyekuwa akinyonyesha alikamua maziwa chooni. Simu zilipigwa kwa majirani: "Mama, naomba wanangu walale kwako tena leo, nimeunganisha."

Katika usiku mmoja wa namna hiyo dada wa laini yetu ya uzalishaji alibanwa vidole na mashine ya kupiga mhuri. Fomu ya ajali ilijazwa kesho yake, na mbele ya neno chanzo pakaandikwa uzembe. Fomu haikuwa na nafasi ya kuandika kwamba alikuwa amesimama tangu asubuhi, wala kwamba hiyo ilikuwa siku ya ngapi mfululizo. Miaka kadhaa baadaye, kwenye masomo yangu ya jioni, nilikutana na mawazo ya W. Edwards Deming, Mmarekani aliyekwenda kufundisha Japani mwaka 1950. Alishikilia kwamba kasoro nyingi kazini zinatokana na mfumo, na mfumo wanaoweza kuubadili ni wenye kuusimamia, hata kama anayeonekana kukosea ni yule aliye mwisho wa mnyororo. Nilimkumbuka yule dada nikaifunga daftari kwa muda.

Habari ya saa nyingi si malalamiko ya wavivu. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani walitoa makadirio yao ya pamoja: kufanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki kunaongeza hatari ya kiharusi kwa takribani asilimia 35, na hatari ya kufa kwa ugonjwa wa moyo kwa asilimia 17, ukilinganisha na anayefanya saa 35 hadi 40. Walikadiria kwamba mwaka 2016 pekee watu 745,000 duniani walikufa kwa sababu hiyo. Wale wanaofanya zamu za usiku wana jambo la ziada: taasisi ya kimataifa ya utafiti wa saratani iliyo chini ya Shirika la Afya Duniani imeiweka kazi ya zamu za usiku kwenye kundi la mambo yanayoelekea kusababisha saratani, tangu 2007, na ikarudia msimamo huo 2019.

Sheria yetu nayo haijakaa kimya. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka kikomo cha saa 45 za kawaida kwa wiki na 9 kwa siku. Saa za ziada hazipaswi kuzidi 50 ndani ya wiki nne, na zinalipwa mara moja na nusu. Aliyefanya kazi zaidi ya saa 5 mfululizo anastahili mapumziko ya dakika 60. Kati ya zamu moja na nyingine mtu anatakiwa kupumzika angalau saa 12, na kazi ya kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi ina nyongeza ya asilimia 5. Nimezikariri kwa sababu nazitumia kila ninapopanga. Lakini nimeona pia kwamba sheria peke yake inakutana na mpango mbovu na kushindwa. Kama oda zote za mwezi zimelundikwa kwenye siku kumi za mwisho, msimamizi ana njia mbili tu, avunje sheria au asitimize oda, na anajua ni ipi itakayomfukuzisha kazi kwanza.

Nilihamia ofisini taratibu, kwanza kuandika mahudhurio, kisha stoo, kisha msaidizi wa mpangaji. Nilikaa na daftari la mahudhurio muda mrefu. Siku nilipoliweka sambamba na daftari la oda, picha ilijitokeza yenyewe. Wiki ya kwanza ya mwezi oda zilikuwa kiduchu, ya pili zinajikongoja, ya tatu zinapanda, ya nne zinafurika. Mwezi baada ya mwezi, umbo lilelile. Sasa, familia haitumii sabuni kidogo tarehe 3 na nyingi tarehe 28. Mshahara ukitoka ununuzi unaongezeka kiasi, lakini si kwa kiwango kile. Furiko lile halikutoka kwa walaji.

Lilitoka kwetu wenyewe. Watu wa mauzo walipimwa kwa lengo la mwezi, na kamisheni yao ilihesabiwa tarehe ya mwisho. Ikikaribia, walishusha bei ili wasambazaji wachukue mzigo mkubwa. Wenye maduka ya jumla Kariakoo na wale wa mikoani si wageni wa biashara, walishaujua mchezo, hivyo wiki za mwanzo walinunua kidogo tu na kusubiri punguzo. Wakishajaza stoo zao tarehe 30, wiki ya kwanza ya mwezi mpya hawana haja ya kuagiza, na sisi tunawaambia watu wa getini kazi hakuna. Kanuni moja ya kamisheni, iliyoandikwa na mtu aliyekuwa na nia njema ya kuongeza mauzo, ilikuwa inamnyima mama wa Vingunguti mlo wiki ya kwanza na kumnyima usingizi wiki ya nne. Hakuna aliyekusudia hivyo, na kwa kuwa hakuna aliyekusudia, hakuna aliyekuwa akiliangalia.

Kulikuwa na chanzo cha pili, na hiki alinionyesha fundi mitambo wetu, mzee aliyekuwa karibu kustaafu. Nilimpelekea mpango wa wiki, akausoma, akanirudishia.

"Shikamoo fundi, kuna tatizo?"

"Marahaba mwanangu. Umeanza na sabuni ya bluu, halafu nyeupe. Unajua umenipa kazi gani? Nikitoa bluu nikaingiza nyeupe, lazima nioshe mashine yote mpaka kwenye skrubu, la sivyo nyeupe inatoka na madoa. Nusu zamu inakwisha, na vibarua wako wamekaa chini wanasinzia. Tanguliza nyeupe, ifuate njano, bluu iwe ya mwisho. Rangi nzito haiogopi nyepesi."

Kumbe kwa sababu kubadilisha rangi na kalibu, yaani chuma kinachoipa sabuni umbo, kulichukua muda mrefu, wapangaji waliotangulia walikwepa kubadilisha. Walitengeneza bluu kwa wiki nzima, stoo ikajaa bluu, nyeupe ikaisha sokoni, mteja mkubwa akapiga simu kwa hasira, na hapo ndipo watu walipoitwa usiku wa Jumamosi kwa dharura. Dharura ile ilizaliwa siku nyingi kabla, kwenye mpangilio wa rangi.

Japani waliwahi kulikabili jambo hili kwa uzito. Mwaka 1969, kwenye kiwanda cha magari cha Toyota, mhandisi Shigeo Shingo alikuta kubadilisha kalibu za mashine ya kukandamiza vyuma kwa nguvu ya tani 1,000 kunachukua saa 4. Akaishusha kazi hiyo hadi saa moja na nusu, na baadaye, wakubwa walipotaka zaidi, hadi dakika 3. Msingi wake ni rahisi kuelewa hata kwa asiye fundi: kazi zote zinazoweza kufanyika mashine ikiwa inazunguka zifanyike hapo, zile zisizoweza tu ndizo zisubiri mashine isimame. Fundi wetu alikuwa amelifahamu hilo kwa miaka, ila hakuna aliyemwuliza. Tulianza kuandaa kalibu, spana na vitambaa kwenye toroli kabla mashine haijazimwa, tukafuata mpangilio wake wa rangi, na badiliko lililokula nusu zamu likashuka chini ya saa moja. Faida ya kwanza niliyoiona haikuwa kwenye katoni. Fundi, ambaye alikuwa akilala kiwandani kwenye maboksi mara kwa mara, akaanza kurudi kwake Ukonga jioni kama watu wengine.

La kamisheni lilikuwa gumu zaidi kwa sababu liligusa mifuko ya watu. Mkuu wa mauzo aliniambia mbele ya kikao: "Dada, unataka nibadilishe wateja wangu kwa ajili ya vibarua?" Swali lake nililichukua kwa uzito, maana naye ana familia na lengo lililoandikwa kwenye mkataba wake. Nilimjibu: "Kaka, wateja wako watanunua sabuni zilezile. Ninachoomba ni wazinunue kwa mtiririko." Kisha nikaweka mezani hesabu: malipo ya ovataimu ya mara moja na nusu, sabuni zilizorudishwa kwa kufungashwa ovyo usiku wa manane, vipuri vilivyovunjika kwa mashine kukosa mapumziko ya matengenezo, punguzo lenyewe la bei. Kila mmoja aliona idara yake imo. Mkurugenzi akakubali tujaribu kwa eneo moja, upande wa Temeke na Mbagala: kamisheni ihesabiwe kila wiki, na punguzo la dharura la mwisho wa mwezi liondolewe, badala yake msambazaji anayeagiza kwa utaratibu kila wiki apate bei nzuri mwezi mzima. Wasambazaji walinung'unika kidogo, kisha wakagundua kwamba hawahitaji tena kukopa kujaza stoo. Baada ya hapo haikuwa vigumu kusogea maeneo mengine. Toyota walishaipa jina kazi hii ya kusawazisha uzalishaji, heijunka, lakini kikao kile sikukitaja kwa jina hilo. Niliongea kwa lugha ya gharama, kwa sababu ndiyo iliyokuwa na masikio pale.

Oda zilipotulia, niliweza kwa mara ya kwanza kusema mapema ni watu wangapi watahitajika Jumanne ya wiki ijayo. Hapo ndipo geti lilipobadilika. Kundi la kudumu lilipewa mikataba ya maandishi. Waliobaki waliwekwa kwenye orodha ya mzunguko, na ratiba ya wiki mbili ikaanza kubandikwa kwenye ubao na kutumwa kwa simu. Kanuni tuliyokubaliana na msimamizi ni kwamba jina likishabandikwa halifutwi bila kumpigia simu mwenyewe. Malipo ya siku hayakuongezeka siku ile, na nimesema mara nyingi kwamba yanapaswa kuongezeka. Hata hivyo dada mmoja aliyekuwa nami getini zamani alinishika mkono akaniambia, "Sasa naweza kumwambia mtu wa kikoba tarehe." Wengine walianza kufanya biashara ndogo siku zao za kupumzika kwa sababu walizijua. Mwingine alipanga siku ya kumpeleka mtoto kliniki bila kupoteza siku ya kazi. Hilo la kliniki si dogo kwa anayejua foleni za hospitali zetu, ambako wote mnaambiwa mje saa 12 asubuhi na daktari anaanza kuona watu saa 3. Foleni ile nayo imepangwa na mtu, na anayelipia ni kibarua aliyekosa siku.

Utoro ulipungua. Sabuni zilizorudishwa zilipungua. Wakubwa walishangaa, mimi sikushangaa sana kwa sababu nilikuwa nimeshasoma habari ya jaribio lililofanyika kati ya 2015 na 2016 katika maduka ya nguo ya Gap huko Chicago na San Francisco, Marekani. Watafiti Joan Williams, Susan Lambert na Saravanan Kesavan walisaidia maduka kadhaa kuwapa wafanyakazi ratiba iliyotulia: kujulishwa mapema, zamu kuanza na kuisha saa zilezile, saa za uhakika kwa kundi la msingi. Mauzo yaliongezeka kwa kama asilimia 7 na tija kwa asilimia 5. Usingizi wa wafanyakazi uliboreka. Duka la nguo Chicago na kiwanda cha sabuni Pugu Road vina tofauti nyingi, ila mwili wa mtu asiyejua kesho atafanya kazi au la ni uleule.

Mabishano yangu makubwa siku hizi ni na mhasibu, mtu ninayemheshimu sana. Yeye akiona mashine imesimama saa moja, au watu wawili wanafagia wakati laini inasubiri malighafi, anaona fedha inamwagika. Angependa kila mashine na kila mkono uwe na kazi asilimia 100. Nimemweleza kwa hesabu za foleni, zile ambazo asili yake ni Agner Erlang, Mdenmaki aliyechunguza simu za Copenhagen na kuchapisha kazi yake ya kwanza mwaka 1909. Chukua mashine moja inayopokea kazi bila mpangilio maalumu. Ukiitumia kwa asilimia 50, kwa wastani utakuta kazi moja pale, inayosubiri au inayoshughulikiwa. Ukiitumia asilimia 80 utakuta 4. Asilimia 90, tayari ni 9. Asilimia 95, ni 19. Ukikaribia 100 foleni haina mwisho. Ndiyo maana kiwanda kilichobanwa kabisa kinaonekana kizuri kwenye ripoti mpaka umeme unapokatika nusu saa, au lori la malighafi linapochelewa bandarini, na baada ya hapo wiki nzima inakuwa ya kukimbizana. Ile nafasi ndogo anayoiona mhasibu kama upotevu ndiyo inayomwezesha mtu kwenda chooni bila kuomba ruhusa, fundi kupaka grisi kabla chuma hakijalia, mwenzako kukushikia nafasi mtoto akiugua. Tumekubaliana kwa sasa kwamba napanga hadi asilimia 85 ya uwezo wa laini. Anaikumbusha kila robo mwaka, nami naitetea kila robo mwaka.

Kuna mambo mengine hayahitaji hesabu wala kikao. Mwanzoni mwa karne iliyopita Frank Gilbreth aliwatazama waashi Marekani, akaona kila tofali linamfanya mtu ainame hadi chini na kuinuka tena na uzito wa mwili wake wote. Akatengeneza jukwaa linalopandishwa kadiri ukuta unavyopanda, matofali yakafika usawa wa mkono, na mijongeo ya kuweka tofali moja ikashuka kutoka 18 hadi kama 5. Mkewe, Lillian, aliyesomea saikolojia, aliendelea na uchunguzi wa uchovu wa wafanyakazi. Nikiwa kwenye laini tuliweka katoni zilizojaa sakafuni, tukainama zamu nzima, na nyumbani tukakandana migongo kwa maji ya moto. Nilipopata nafasi niliomba stendi za mbao za usawa wa kiuno. Fundi seremala alizitengeneza kwa mbao za paleti zilizochakaa. Sijui kwa nini hazikuwepo tangu zamani. Pengine kwa sababu aliyepanga laini hakuwahi kuinama pale.

Kazi haijaisha. Zamu inayotoka saa 5 usiku inanisumbua. Daladala za kuelekea Chanika na Kitunda wakati huo ni chache, bodaboda ni ghali, na wanawake wanatembea vichochoroni wakiwa wameshika simu mkononi kama tochi. Nimeomba basi dogo. Wakati jibu linasubiriwa, nimependekeza zamu ya mchana ianze saa 7 na iishe saa 3 usiku, ili wenye safari ndefu wakute usafiri, na saa zitakazobaki hadi asubuhi zibaki kwa matengenezo na kikosi kidogo cha wanaokaa Kiwalani na Vingunguti walioomba wenyewe usiku. Tani zitapungua kiasi, na nimeonyesha kwenye hesabu ni kiasi gani.

Na masika yanakuja. Mto Msimbazi ukifurika, barabara ya Jangwani hufungwa na mwendokasi husimama, na walio ng'ambo ya bonde hufika wamelowa, wamechelewa, halafu wanakatwa. Mwaka huu nimeomba Machi hadi Mei tuwe na ratiba yake: akiba ya sabuni itengenezwe Februari mvua hazijaanza, muda wa kuingia ulegezwe siku bonde linapofungwa, na makato ya kuchelewa yasitishwe siku hizo. Msimamizi amesaini, mkuu wa mauzo amesaini. Karatasi iko mezani kwa mhasibu, na Ijumaa tunakutana tena.